Hakimu Aliyenyimwa Haki: Kisasi cha Kuchelewa katika Tanzia za Uingereza

Usiku wa manane mzee mmoja anaamshwa na kelele za mwanamke bustanini kwake. Anatoka mbio akiwa na shati la kulalia, na chini ya kibanda cha matawi anakuta mwili wa kijana umening'inia, umejaa majeraha ya visu. Anakata kamba, anaulaza chini, anamulika uso. Ni Horatio, mwanawe. Mzee anachovya leso katika damu ya marehemu na kuapa kuwa hatamzika mpaka wauaji wamelipa.

Mzee huyo ni Hieronimo, mhusika mkuu wa Tanzia ya Kihispania iliyoandikwa na Thomas Kyd kati ya miaka ya 1580 na mwanzoni mwa miaka ya 1590. Kazi yake ni kuhukumu: katika ufalme wa Hispania wa jukwaani, yeye ndiye hakimu wa jumba la kifalme, na wauaji wengine hufikishwa mbele yake kila siku. Sasa ameuawa mtoto wake mwenyewe. Waliomuua ni Lorenzo, mpwa wa mfalme, na Balthazar, mwana wa makamu wa mfalme anayetawala Ureno. Hakimu atamshtaki nani, na kwa nani?

Swali hilo ndilo lililozaa aina nzima ya tamthilia. Kwa zaidi ya miaka arobaini, waandishi wa Uingereza walirudia hadithi ya mtu aliyedhulumiwa, anayejua au kushuku ni nani aliyemdhulumu, na ambaye badala ya kupiga papo hapo anangoja, anajifanya mwendawazimu au rafiki, anatega mtego, kisha anauangusha ufalme mzima pamoja na nafsi yake. Wasomaji wengi wamefundishwa kuona kuchelewa huko kama udhaifu wa mhusika, hasa Hamlet. Ukizisoma tamthilia hizi kwa mfululizo, picha nyingine inajitokeza. Mlipa kisasi huchelewa kwa sababu kwanza anatafuta ushahidi, kisha mahakama. Hila huja pale mahakama inapokuwa mikononi mwa muuaji.

Tamthilia hizi zilizaliwa pamoja na biashara mpya. Mwaka 1576 James Burbage alijenga ukumbi wa maigizo huko Shoreditch, nje ya mamlaka ya wakuu wa jiji la London. Mwaka 1587 Philip Henslowe akajenga wake, The Rose, upande wa kusini wa mto Thames. Kiingilio cha kusimama kilikuwa peni moja, kiasi ambacho mwanagenzi au mtumishi wa nyumbani aliweza kukipata. Henslowe aliweka daftari la mapato, na daftari hilo limesalia hadi leo. Linaonyesha kwamba kati ya 1592 na 1597 tamthilia ya Hieronimo ilichezwa mara 29. Mwaka 1601 na 1602 alimlipa Ben Jonson aiongezee sehemu mpya, kwa kuwa watu walikuwa bado wanaitaka.

Kyd hakuanza na mikono mitupu. Shuleni, vijana wa Kiingereza walisoma tanzia za Seneca, mwanafalsafa wa Kirumi aliyelazimishwa na Nero kujiua mwaka 65. Jasper Heywood alitafsiri Thyestes kwa Kiingereza mwaka 1560, na mwaka 1581 zikatoka tanzia kumi katika kitabu kimoja. Katika Thyestes, mfalme Atreus anamwalika nduguye kwa karamu ya mapatano na kumlisha nyama ya watoto wake. Kutoka kwa Seneca, Waingereza walichukua mzuka unaodai damu, karamu inayogeuka maafa, na hotuba ndefu za hasira. Lakini Atreus ni mfalme. Hana wa kumwomba ruhusa; anangoja tu hadi apate adhabu inayolingana na chuki yake. Hieronimo ni mtumishi wa serikali, na aliyemdhulumu yuko juu yake. Hapo ndipo Kyd alipoanzisha jambo lake mwenyewe.

Baba yake Kyd alikuwa mwandishi wa hati za kisheria mjini London, na tamthilia ya mwanawe imejaa karatasi. Barua ya kwanza inaanguka kutoka juu. Imeandikwa kwa damu na Bel-imperia, mpenzi wa Horatio, ambaye kaka yake Lorenzo amemfungia ndani. Inawataja wauaji. Hieronimo haiamini mara moja. Anahofia kuwa ni mtego wa kumfanya amsingizie mkubwa na kupoteza kichwa. Ndivyo hakimu anavyotakiwa kufanya: ushahidi wa shahidi mmoja asiyeonekana haumtoshi.

Upande wa pili, Lorenzo anafuta ushahidi. Mtumishi wake Pedringano alishiriki mauaji, kwa hiyo Lorenzo anamtuma amuue mshiriki mwenzake, kisha anapanga askari wa doria wamkamate papo hapo. Pedringano anapofikishwa kwenye kitanzi, mvulana mmoja anasimama mbele yake na kisanduku. Pedringano ameambiwa kuwa ndani mna msamaha wa mfalme. Pedringano anamtania mnyongaji, anacheka, anamdharau hakimu. Mvulana alikwisha kuchungulia, na anajua kuwa kisanduku ni kitupu. Aliyeketi kutoa hukumu siku hiyo ni Hieronimo, ambaye hajui kwamba anamwangamiza shahidi wake mwenyewe. Baada ya kunyonga, mnyongaji anakuta barua katika nguo za marehemu na kuipeleka kwa hakimu. Inathibitisha yote yaliyoandikwa kwa damu.

Sasa ushahidi upo, na Hieronimo anafanya linalostahili: anakwenda kwa mfalme kudai haki. Lorenzo anamzuia na kumwambia mfalme kuwa mzee amerukwa na akili. Wananchi wanaokuja na malalamiko yao wanamkuta hakimu akizichana karatasi zao kwa meno. Miongoni mwao yumo mzee ambaye naye mwanawe ameuawa, na Hieronimo anajiona ndani yake kama kwenye kioo. Hadi hapo zaidi ya nusu ya tamthilia imepita. Kuchelewa kote huko ni safari ya mtu anayegonga mlango wa sheria, na mlango haufunguki.

Ndipo anapogeukia hila. Anajipatanisha na Lorenzo hadharani, na anapoombwa burudani ya harusi ya Balthazar na Bel-imperia, anatoa mchezo wake wa zamani wa kuigiza. Anawagawia wauaji majukumu. Mbele ya watawala wa nchi mbili wanaopiga makofi, visu vya mchezo vinageuka vya kweli: Hieronimo anamuua Lorenzo, Bel-imperia anamuua Balthazar kisha anajiua. Watazamaji wa kifalme wanasifu ufundi wa waigizaji. Mzee anafungua pazia na kuonyesha maiti ya mwanawe aliyoihifadhi muda wote huo. Wanapotaka kumtesa ili aseme zaidi, anaung'ata ulimi wake na kuutema. Anaomba kisu cha kuchongea kalamu ili aandike maelezo, na kwa kisu hicho anamuua baba yake Lorenzo, ambaye hakushiriki mauaji, na kisha yeye mwenyewe. Kifaa cha mwandishi wa hati kimekuwa silaha ya mwisho.

Kyd mwenyewe aliijua mahakama isiyosikiliza. Mei 1593 alikamatwa, chumba chake kikapekuliwa, zikapatikana karatasi zilizokana uungu wa Kristo. Aliteswa. Alisema kuwa karatasi zilikuwa za Christopher Marlowe, waliyekuwa wakiandika naye chumba kimoja. Marlowe aliuawa kwa kisu huko Deptford tarehe 30 ya mwezi huohuo. Kyd aliachiwa, akafa mwaka uliofuata akiwa na umri wa miaka 35. Tamthilia yake iliendelea kuchapishwa bila jina lake; tunajua ni yake kwa sababu Thomas Heywood, mwandishi mwenzake, alimtaja kwa kupita tu katika kitabu cha mwaka 1612.

Nje ya ukumbi, sheria ya Uingereza haikuwa na shaka. Kuua ni kosa dhidi ya mfalme, na kuadhibu ni kazi ya mfalme. Wahubiri waliongeza kuwa kisasi ni cha Mungu. Lakini serikali hiyohiyo, ilipoogopa, ilijua kuitumia lugha ya kisasi. Mwaka 1584, baada ya William wa Orange kuuawa huko Uholanzi, maelfu ya Waingereza walitia saini kiapo cha kumsaka na kumuua yeyote ambaye angejaribu kumuua Malkia Elizabeth, pamoja na yule ambaye uhalifu huo ungefanywa kwa faida yake. Kiapo kilimlenga Mary Stuart, malkia wa Uskoti aliyekuwa kifungoni, na mwaka 1587 alikatwa kichwa.

Hadithi ya Mary ilikuwa na kisasi kingine ndani yake. Mumewe, Lord Darnley, aliuawa Edinburgh Februari 1567, na miezi mitatu baadaye Mary akaolewa na Bothwell, mtu ambaye wengi walimwona kuwa ndiye muuaji. Wazazi wa Darnley waliagiza picha kubwa ya rangi. Inamwonyesha mjukuu wao, mfalme James, akiwa amepiga magoti mbele ya kaburi la baba yake na kuomba damu hiyo ilipwe. Maandishi yaliyomo yanaeleza sababu: babu na bibi ni wazee, huenda wakafa kabla mtoto hajakua, kwa hiyo picha imkumbushe. James alikuwa hajatimiza miaka miwili. Mwaka 1603 aliingia London kuwa mfalme wa Uingereza, akalichukua kundi la Shakespeare kuwa waigizaji wake. Mwaka huohuo toleo la kwanza la Hamlet lilichapishwa: hadithi ya mwana wa mfalme aliyeuawa baba, na mama akaolewa upesi na muuaji.

Kisa chenyewe kilikuwa cha kale. Saxo Grammaticus, mwandishi wa historia wa Denmaki, alikiandika kwa Kilatini karibu mwaka 1200, na François de Belleforest akakisimulia upya kwa Kifaransa mwaka 1570. London tayari ilikuwa na tamthilia ya Hamlet kabla ya ile ya Shakespeare. Mwandishi Thomas Nashe aliidokeza mwaka 1589, lakini maandishi ya tamthilia hiyo yamepotea.

Kwa Saxo, mauaji yanajulikana na watu wote. Mtoto Amleth anajifanya zuzu ili ami yake asimuue naye. Anachelewa kwa sababu ni mdogo na hana nguvu. Akishakomaa anawalevya watu wa ikulu, anawafunika kwa mapazia ya ukutani, anachoma jumba, kisha anamuua ami na kutawala. Hakuna fumbo lolote. Katika Hamlet, mauaji ni siri: sumu imemiminwa sikioni mwa mfalme akiwa amelala bustanini, na taifa zima limeambiwa kuwa aliumwa na nyoka. Anayejua ukweli ni muuaji na mzuka tu.

Na mzuka si shahidi wa kutegemewa. Kanisa la Uingereza lilikuwa limekataa fundisho la toharani, mahali ambapo roho za wafu husafishwa kabla ya kufika mbinguni. Kitabu cha Ludwig Lavater wa Zürich, kilichotafsiriwa kwa Kiingereza mwaka 1572, kilionya kuwa kinachoonekana kama mtu aliyekufa huenda ni shetani. Hamlet amesoma Wittenberg, mji wa Martin Luther. Mzuka wa baba yake unasema unateseka motoni hadi dhambi zake ziungue, maneno ya mtu wa toharani. Amwamini? Watazamaji wa mwaka 1601 walijua kuwa kijana huyu akikosea atamuua mfalme halali kwa amri ya shetani na kupoteza roho yake.

Kwa hiyo Hamlet anafanya uchunguzi. Anajifanya mwendawazimu, na waigizaji wanapofika anawapa mchezo unaofanana na mauaji ya baba yake, huku rafiki yake Horatio akiukazia macho uso wa mfalme. Kyd aliutumia mchezo ndani ya mchezo kama kisu. Shakespeare aliugeuza kuwa kipimo cha ushahidi. Mfalme Claudius, ami yake, anasimama na kuondoka kabla haujaisha, na kwa Hamlet shauri limekwisha thibitika.

Hapo ndipo kuchelewa kunapobadilika sura. Dakika chache baadaye anamkuta Claudius peke yake akiwa amepiga magoti kusali. Upanga uko mkononi. Hamlet anaurudisha alani, kwa hoja ya kutisha: akimuua katika sala, roho yake itakwenda mbinguni, naye anaitaka jehanamu. Aliyekuwa akitafuta haki sasa anadai mamlaka ya Mungu. Mara tu baada ya hapo anachoma upanga kwenye pazia la chumba cha mama yake na kumuua Polonius, mzee aliyejificha kusikiliza. Mwana aliyefiwa na baba amemfanya mwingine afiwe na baba.

Laertes, mwana wa Polonius, hachelewi. Anarudi kutoka Ufaransa na umati nyuma yake, anavunja milango ya ikulu, hapimi ushahidi wowote, na ndani ya muda mfupi amekuwa chombo cha Claudius: atacheza upanga na Hamlet, na ncha itakuwa na sumu. Shakespeare amewaweka vijana wawili sambamba ili tuone bei ya kuchelewa na bei ya haraka. Hamlet naye kwa wakati huo ameiva katika hila. Safarini kuelekea Uingereza alifungua barua ya mfalme iliyoagiza auawe, akaandika nyingine kwa mwandiko wa kiofisi, akaipiga muhuri wa pete ya baba yake, na marafiki wake wawili wa zamani wakaenda kufa kwa karatasi hiyo. Mwishoni, mchimba kisima huingia mwenyewe: upanga wa sumu unabadilishana mikono, na kikombe cha sumu kilichoandaliwa kwa Hamlet kinanywewa na malkia.

Wasomaji wa Kiswahili walikutana na kisasi cha Shakespeare kwa lugha yao mwaka 1963, Julius Nyerere alipochapisha tafsiri yake ya tamthilia ya Julius Caesar, aliyoitoa upya mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Tamthilia hiyo ya mwaka 1599 iko karibu sana na Hamlet. Antonio, rafiki wa Kaizari aliyeuawa, anashikana mikono na wauaji mmoja mmoja, mikono yao ikiwa bado na damu, anaomba ruhusa ya kuzungumza mazishini tu, kisha kwa hotuba na karatasi ya wosia anaugeuza mji mzima. Cassius, mmoja wa wauaji, anakufa vitani kwa upanga uleule uliomchoma Kaizari. Hapa pia mlipa kisasi anaanza kwa kujifanya rafiki, na umati wa sokoni ndio unaogeuzwa mahakama.

Mwaka 1606 kundi la mfalme lilicheza Tanzia ya Mlipa Kisasi, iliyochapishwa bila jina la mwandishi. Wataalamu wengi leo wanaiona kuwa ya Thomas Middleton. Humu kuchelewa kumeoza. Vindice anaingia jukwaani akiwa ameshika fuvu la mchumba wake, aliyepewa sumu na mtawala mzee kwa kumkataa. Miaka tisa imepita. Hatafuti tena ushahidi wala hakimu. Anajibadili sura, anaajiriwa na mwana wa mtawala, na kazi ya kwanza anayopewa ni kumshawishi dada yake mwenyewe aingie katika uasherati. Anaifanya, ili aone kama familia yake itastahimili. Dada anakataa, mama anakubali. Kisha analivika fuvu nguo za kike, analipaka sumu mdomoni, na kumpeleka mtawala gizani akalibusu. Vindice anafurahia. Mwishoni, yeye na nduguye wanajisifu kwa mtawala mpya, Antonio, ambaye naye mkewe alinajisiwa na mmoja wa familia ile. Antonio anaamuru wauawe mara moja: walioweza kumuua mzee yule wangeweza kumuua na yeye.

Miaka sita baadaye London iliona kesi ya kweli iliyofanana na jukwaa. Lord Sanquhar, mwungwana wa Uskoti, alikuwa amepoteza jicho katika zoezi la upanga na mwalimu wake, John Turner. Alikaa na jambo hilo miaka mingi. Mei 1612 mtumishi wake alimpiga Turner risasi na kumuua. Sanquhar alitegemea cheo chake na utaifa wake, kwa kuwa mfalme naye alikuwa Mskoti. Francis Bacon alisimama mahakamani kwa niaba ya serikali, na tarehe 29 Juni 1612 Sanquhar alinyongwa mbele ya Westminster Hall kama mhalifu yeyote. Katika insha yake juu ya kisasi ya mwaka 1625, Bacon aliandika kuwa anayelipiza kisasi anaiondoa sheria kazini, na kwamba anayekitafakari kwa muda mrefu huliweka bichi donda ambalo lingepona. Kesi hiyo ilifanya kile ambacho mfalme wa Hieronimo alishindwa: mkubwa alihukumiwa kwa damu ya mdogo. Ilikuwa nadra, ndiyo maana ilizungumzwa sana.

Bunge lilifunga kumbi za maigizo Septemba 1642, vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza. Januari 1649 mfalme Charles wa Kwanza alikatwa kichwa, wakati mwanawe tayari yuko ng'ambo. Alirudi mwaka 1660 akiwa Charles wa Pili, na waliotia saini hati ya kifo cha baba yake wakaanza kusakwa. Samuel Pepys, karani wa jeshi la majini, alikuwa ameshuhudia kifo cha mfalme akiwa mwanafunzi. Oktoba 1660 alimtazama Thomas Harrison, mmoja wa waliotia saini, akiuawa hadharani, na usiku akaandika katika shajara yake kuwa ameiona damu ya kwanza ya kisasi hicho. Tarehe 30 Januari 1661, miaka kumi na miwili kamili tangu kifo cha baba, maiti ya Oliver Cromwell, kiongozi wa waliompindua mfalme, iliyokuwa imefukuliwa, ilinyongwa, na baadaye kichwa chake kikawekwa juu ya Westminster Hall. Kumbi zilikuwa zimefunguliwa tena, na tarehe 24 Agosti mwaka huo Pepys alikwenda kuitazama Hamlet, Thomas Betterton akiigiza mwana wa mfalme aliyeuawa baba. Aliusifu mno uigizaji wake.